Mtu wa Barazani Siku ya Msafara

Katika picha yangu ya kwanza ya nje yumo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekwisha kufa. Khitma yake ilikuwa imesomwa, pilau yake imeliwa, na mkewe amemaliza eda. Watu wengine wote waliopita mbele ya sanduku langu la picha asubuhi ile, wapagazi mamia kwa mamia na ngoma zao na bendera zao na pembe za ndovu mabegani, hawamo. Punda mmoja yumo nusu.

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu Bagamoyo jambo hili limesimuliwa sana bila utaratibu, na wapo wanaosema kuwa aliyekuwa amekufa ni punda.

Ilikuwa miaka ile ambayo pwani yetu bado ni ya Sultani wa Unguja. Baba yangu alikuwa nahodha, babu yangu alikuwa nahodha, na mimi nilikuwa nikitapika hata chombo kikiwa kimetia nanga. Walipochoka kunifulia nguo, walinipeleka kwa Mgoa mmoja aliyehama kutoka Unguja na kupanga vyumba viwili karibu na forodha, afanye kazi ya kupiga picha. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu za kijivu na vidole vyeusi kwa dawa. Saa yake ya mfukoni ilikuwa imekufa kwa hewa ya chumvi, basi muda wa kumulika kioo cha picha aliupima kwa sala zake. Mtu akiketi ndani kupigwa picha, Mgoa alitoa kifuniko kwenye jicho la sanduku, akasoma Salamu Maria kwa sauti ya chini, akarudisha kifuniko.

“Mimi nina zangu,” aliniambia siku ya kwanza. “Wewe tafuta zako.”

Nikachagua Kulhuwallahu, kwa kuwa ni fupi na kila mtu anaijua. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alisikia kuwa siku hizi nasoma mchana kutwa, akampongeza bibi yangu.

Vioo vizuri vilikuwa vya wateja. Mimi wa kujifunza nilipewa vioo vya zamani vilivyochoka kwa joto la safari, ambavyo havikushika nuru mpaka uvibembeleze. Ndiyo maana picha zangu za nje za wakati ule, ambazo bado ninazo, zina mambo. Minazi yangu ina vichwa vya ufagio. Soko langu la samaki lina samaki na halina muuzaji wala mnunuzi. Punda wa jirani yetu ana vichwa viwili, kimoja kinakula na kimoja kinasikiliza, na jirani alipomwona alikataa kumpakia mzigo kwa muda, akisema hajui amuudhi upande upi. Nje hakuna anayekusubiri. Ndani mteja anaketi kama aliyeambiwa habari mbaya, lakini njiani watu wanapita, na kioo changu kilichochoka hakikujua kumwona anayepita. Kilimwona aliyetulia tu.

Hilo sikulijua bado siku ya msafara.

Mgeni mmoja wa Unguja alitaka picha ya msafara mkubwa ukiingia Bagamoyo kutoka bara. Mgoa, mwalimu wangu wa picha, alishikwa na homa siku hiyohiyo, basi akanituma mimi. “Weka tundu la jicho dogo kabisa,” alisema chini ya blanketi, “na Kulhuwallahu kumi.” Nikaenda na sanduku na miguu yake mitatu, nikalisimamisha kwenye njia inayoshuka forodhani, kuelekea nyumba ya Mhindi aliyekuwa amesafiri kwao Kachi. Nyumba ilikuwa imefungwa. Mbele yake palikuwa na baraza ya mawe, na nilivyoona mimi, baraza ile ilikuwa tupu.

Mbingu zilikuwa za mawingu. Ngoma zilisikika kwanza, kisha bunduki, kisha kiongozi wa msafara akatokea na manyoya kichwani na nguo nyekundu, na nyuma yake watu wasio na mwisho. Nilitoa kifuniko, nikaanza kusoma. Nilikuwa katika ya tatu.

“Asalaam alaykum.”

Alikuwa kadhi. Mtu hampi kadhi mgongo. Nikageuka, nikaupa mgongo msafara.

“Wa alaykumu salaam, bwana kadhi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. U hali gani?”

“Njema, alhamdulillahi.”

“Bibi yako hajambo?”

“Hajambo.”

“Kifua chake?”

“Kimepungua.”

“Alhamdulillahi. Na baba yako, mna habari zake?”

“Tunazo. Yuko Lamu.”

“Lamu! Na ami yako mwenye jicho?”

“Anaona sasa.”

“Anaona nini?”

“Anaona vizuri, bwana kadhi.”

“Na yule mbuzi wenu aliyetumbukia kisimani?”

“Hajambo. Anatembea.”

“Anatembea! Subhanallah.” Akamfikiria mbuzi. Ngoma zilikuwa zikipita nyuma yangu, vumbi likaniingia shingoni. “Na wewe hapa wafanya nini?”

“Napiga picha.”

“Utaipiga lini?”

“Naipiga sasa hivi.”

Akalitazama sanduku, akanitazama mimi niliyeshika kifuniko mkononi kama mwombaji mwenye kikombe. “Basi usijichoshe,” akasema. Tukaagana kwa utaratibu, salamu kwa bibi, salamu kwa ami, dua kwa msafiri. Nilipogeuka, mkia wa msafara ulikuwa umeshakata kona. Nikarudisha kifuniko.

Nilipokisafisha kioo chumbani gizani, nilitegemea kukuta kimeungua chote. Hakikuungua. Mawingu, tundu dogo, uchovu wa kioo na salamu za kadhi vilikuwa vimekutana mahali pamoja. Ilitoka picha safi kuliko zote nilizopata kuzipiga: kila jiwe la nyumba ya Mhindi, kila msumari wa mlango. Njiani palikuwa na ukungu mwepesi wa kimo cha mtu. Huo ndio ulikuwa msafara.

Mwalimu wangu alikaa kitandani akakitazama kioo kwa muda.

“Nilikutuma msafara,” alisema. “Umeniletea ukuta.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Ukuta mzuri.” Akakisogeza karibu na dirisha. “Na huyu nani?”

Barazani alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, kanzu na kofia, mikono juu ya magoti, uso umeelekea sanduku moja kwa moja. Alionekana hata kishikizo cha shingoni.

“Sijui,” nilisema. “Hakuwapo.”

Siku zile picha ya karatasi ilichapwa kwa jua. Tuliweka karatasi na kioo ndani ya fremu, tukaianika nje kwenye baraza yetu kama watu wanavyoanika dagaa, na apitaye alitazama. Siku hiyo alipita mama mmoja wa mtaa wetu, mwanamke mwenye sauti, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda bara na bidhaa za nguo. Mwaka uliotangulia wapagazi wawili walikuwa wameleta habari kwamba mwanawe amekufa kwa ndui huko Ugogo na kwamba wao wenyewe wamemzika. Kadhi aliwahoji, akawakubali. Mama alilia, mke alikaa eda miezi minne na siku kumi, nao wapagazi wakarudi bara. Mke alikuwa mshonaji wa kofia, msichana bado, hana mtoto. Sasa alikuwa ameposwa na fundi mmoja wa kuchonga milango, na ndoa ilikuwa imewekwa Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani.

Mama akainama juu ya fremu yetu. Akapiga kelele ambayo mwalimu aliisikia chumbani na kudhani fremu imeibwa.

“Mwanangu! Mwanangu huyu! Amerudi, amekaa kwa Mhindi, hakuja nyumbani!”

Kuanzia hapo sikuwa mwanafunzi wa picha, nilikuwa mtunza mtu. Mama alikuja kila siku kumtazama. Alileta vitumbua, akaviweka mbele ya karatasi.

“Amekonda,” alisema.

“Mama, hii ni karatasi.”

“Najua ni karatasi. Mimi si mjinga. Lakini huyo aliye kwenye karatasi ni nani?”

Kisha akamgeukia mtu wa picha. Alimwambia asikae hivyo, atashikwa na mgongo. Alimuuliza kwa nini kofia ile na si ile aliyoshonewa na mkewe. Vitumbua alivila mwalimu wangu, ambaye hakuamini hata kidogo kwamba yule ni mwanawe.

Nikaanza kuuliza, kwa kuwa sipendi jambo linaloning'inia. Mlinzi wa forodha alisema alisimama pale tangu alfajiri na barazani hapakuwa na mtu. Muuza kahawa aliyekuwa akizunguka na dele lake alisema alipita mbele ya baraza ile mara nyingi, na kama pangekuwa na mtu ameketi, angemuuzia. Hoja hiyo niliiona nzito. Mtu mmoja alitoka Fukayosi akasema aliye kwenye picha ni yeye, alikuja kuuza muhogo akachoka akaketi, na sasa anataka atolewe humo kwa sababu tangu siku ile mgongo unamuuma. Tulimweka kando ya picha. Alikuwa na ndevu hadi kifuani.

“Nimeziotesha,” alisema.

Aliyemwona mtu yule alikuwa mmoja tu, sanduku langu. Waliouona msafara walikuwa mji mzima, na sanduku langu halikuuona.

Mama akaenda kwa kadhi, akataka ndoa isimame mpaka mwanawe arudi nyumbani kutoka barazani.

Tuliitwa barazani kwa kadhi baada ya sala ya alasiri. Mama aliketi upande mmoja na mke wa mwanawe pembeni yake, wamejifunika ushungi, kwa kuwa hawakuwa na ugomvi mwingine na walikuja pamoja. Fundi wa milango aliketi mbali, na vumbi la mvule nyusini. Mimi nilikuja na karatasi na kioo. Mwalimu alikuja kwa sababu alitaka kuona.

Kadhi alianza na kioo. Akakiinua kwenye nuru.

“Kanzu hii ni nyeusi,” alisema.

“Kwenye kioo, bwana kadhi. Kwenye kioo, cheupe huwa cheusi.”

“Na uso?”

“Huwa mweupe.”

“Nimesikia pia kwamba ndani ya sanduku lako watu huonekana miguu juu.”

“Kweli, bwana kadhi.”

Akakiweka chini taratibu. “Shahidi sharti awe mwadilifu, mwenye akili timamu. Huyu wako anaona dunia kichwa chini, mweusi anamwita mweupe, na msafara mzima na ngoma zake haukumpitia machoni. Ungekuwa wewe, ungemkubali?”

“Bwana kadhi,” ilisema sauti moja kati ya wasikilizaji, “watu wa namna hiyo tunao humu mjini na tunawakubali.”

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka, lakini alisubiri wamalize. Kisha akasema shahidi hamkubali, ila hawezi pia kumruhusu mwanamke aolewe hali kuna shaka usoni pake. Aliitazama ile karatasi. Ilikuwa dhahiri kwamba ilimsumbua, kwa kuwa yeye naye alikuwapo siku ile.

“Wewe wasemaje?” alimuuliza mke.

“Si mume wangu.”

“Sura?”

“Sura inafanana. Lakini bwana kadhi, nilikaa na mtu yule. Hakutulia hata kahawa ipoe. Akila, alisimama. Akisali, imamu alimfuata yeye. Huyu amekaa kama dari. Mume wangu asingeweza.”

“Mwongo!” Mama aligeuka. “Bwana kadhi, mwanangu alikuwa mtulivu kama jiwe la kusagia. Hata kinyozi wetu angekuwapo angekwambieni, yeye ndiye aliyemnyoa tangu utotoni. Ila kaenda Pangani kwa binti yake.”

“Mama,” alisema mkwe wake polepole, “yule mwanao hata kaburini sidhani kama ametulia.”

“Umesikia? Anamtaka kaburini.”

“Nimemlilia kaburini, mama. Wewe na mimi, mkeka mmoja.”

Kadhi akaona upenyo. Akaniuliza aliye kwenye picha alitulia kiasi gani.

“Kiasi cha salamu zetu, bwana kadhi.”

“Salamu zipi?”

“Zako na zangu. Uliponiuliza habari za mbuzi.”

“Basi ni kidogo tu. Mimi salamu zangu ni fupi.”

Watu wengi walikohoa kwa pamoja. Kadhi akawatazama mmoja mmoja. Mimi nilisema, kwa heshima, kwamba msafara mzima ulikatika tukiwa bado hatujamaliza kuagana. Yeye akasema hapana, msafara ulikuwa na haraka. Hapakuwa na saa, na mwenye saa alikuwa na saa iliyokufa. Kadhi akatoa amri ambayo naamini haikupata kutolewa pwani hii: turudi pale pale, nitoe kifuniko, yeye aje anisalimie vile vile, na mtu aketi barazani. Hapo ndipo tungejua kama ni utulivu wa mtu wa kawaida au wa mtu asiye wa kawaida.

Mji ulihamia njiani. Msafara ulikuwa umeshaondoka, basi watu walijitolea kuwa wapagazi. Walikuja na mito badala ya pembe, mmoja akabeba mkungu wa ndizi. Lakini habari zilikuwa zimeenea kwamba anayetembea hatokei, na hakuna aliyekubali kutotokea. Walivaa nguo za Idi, wakasimama katikati ya njia kama vigingi vya mahema, mguu mmoja mbele kuonyesha kwamba wanatembea. Mwenye ndizi aliweka uso wa safari ndefu.

“Nani ataketi barazani?” aliuliza kadhi.

Fundi wa milango akasogea. Nadhani alikusudia wema. Alikuwa mtu wa kuketi kazi moja tangu asubuhi hadi jioni.

“Huyo?” Mama alimzuia kwa mkono. “Akae mahali pa mwanangu mara mbili?”

Fundi akarudi nyuma. Baadhi ya wapagazi walitaka kucheka wakakumbuka kwamba hawatakiwi kutikisika.

“Nitaketi mwenyewe,” mama alisema. Akapanda, akaketi palepale, mikono juu ya magoti.

Nikatoa kifuniko. Kadhi akaja.

“Asalaam alaykum.”

“Wa alaykumu salaam, bwana kadhi. Shikamoo.”

Nikageuka, nikawapa mgongo watu wote. Alikumbuka kila neno. Kifua cha bibi kikapungua tena. Baba yangu, ambaye alikuwa amerudi na alikuwa amesimama njiani na mto kichwani, akawa yuko Lamu. Ami akaona. Tukafika kwa mbuzi.

“Na yule mbuzi wenu aliyetumbukia kisimani?”

“Bwana kadhi, tumekwisha kumchinja.”

“Sema ulivyosema siku ile.”

“Hajambo. Anatembea.”

“Anatembea! Subhanallah.” Akamfikiria mbuzi, muda uleule. Hata mimi sikuwa nimejua kwamba alimfikiria muda mrefu hivyo. Nyuma yangu nilisikia mtu akianguka, kisha mkungu wa ndizi. Tulipomaliza kuagana, kadhi alikuwa na jasho kwenye paji la uso.

“Si fupi,” alisema kwa sauti ndogo, kwangu peke yangu.

Nilirudisha kifuniko. Watu walijiachia wakashika viuno. Mama peke yake hakuondoka. Alibaki ameketi vilevile, kana kwamba kifuniko bado kimo mkononi mwangu, na mkwe wake alikuwa amesimama chini ya baraza, hatua chache kutoka kwake. Kadhi akamwendea.

“Haya, mama. Umeona mwenyewe. Mwanao angeweza?”

Alimtazama mkwe wake kwanza.

“Asingeweza,” alisema.

“Sema wasikie.”

“Asingeweza! Mwanangu alinyolewa kwa kushikwa na watu wawili, mmoja kichwa, mmoja miguu. Tena mpaka amekuwa kijana. Hakutulia tumboni, atulie kwa Mhindi? Huyu si mwanangu. Ni mtu tu.” Akashuka barazani, akakataa mkono wa kadhi, akashika bega la mkwe wake. “Mwanangu yuko Ugogo. Mwache huyu aolewe, nami nitakwenda naye, kwani chakula changu nani atanipikia?”

Kadhi alisema shaka imeondoka kwa maneno ya mwenye shaka mwenyewe, na mashahidi wawili wa kwanza wanabaki walivyo. Ndoa ilifungwa Mfungo Mosi. Mwalimu wangu alialikwa akala kama alivyozoea. Mama alihamia kwa bibi arusi pamoja na sanduku lake la nguo na malalamiko kuhusu mlango wa chumba chake, ambao fundi aliuchonga upya mara tatu.

Picha ya pili niliisafisha jioni ya siku ileile. Ni picha ya pekee ya mji wetu ikiwa na watu. Wapo wote, wima, nguo za Idi, mito mabegani, baba yangu yuko Lamu na yuko pale. Mwenye ndizi hana kichwa, kwa kuwa alianguka. Mama ameketi barazani, wazi kama yule wa kwanza. Mwalimu aliisifu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. “Hii sasa ni msafara,” alisema, “ingawa hauendi popote.”

Lakini nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona kwamba kando ya mama, upande wa sikio la kulia, upo ukungu mwembamba, kimo cha mtu aliyeinama. Miongoni mwa watu wote wale waliojifanya miti, alikuwapo mmoja aliyetembea. Mimi na kadhi tulikuwa kwa mbuzi, hatukuona. Wengine walitazama sanduku.

Nilimuuliza mke, nilipompelekea nakala yake, kama ukungu ule ni yeye.

“Nilimpelekea maji,” alisema. “Jua lilikuwa kali.”

Picha haina kivuli hata kimoja. Siku ile pia ilikuwa ya mawingu, na kadhi aliichagua kwa sababu hiyo, ili yote yafanane. Sikumwambia hivyo. Alikuwa ameishika nakala karibu na kifua, na nyuma ya pazia mama alikuwa akiuliza ni nani huyo, na kama amekula.

Kinyozi alirudi kutoka Pangani mvua za vuli zilipoanza. Nilikwenda kunyolewa, na kwa kuwa nilikuwa nimebeba picha ya kwanza, nikamwonyesha huku akinoa wembe. Hakuwa amesikia lolote. Aliisogeza mbali na macho yake, kisha karibu.

“Aa,” alisema. “Nimemnyoa sana huyu.”

“Una hakika?”

“Kichwa nakijua. Ni yule aliyekwenda bara na nguo.”

“Wanasema alikuwa hatulii. Wanasema alishikwa na watu wawili.”

Kinyozi akacheka, akanisukuma kichwa chini kwa vidole viwili.

“Huyu? Huyu nilikuwa namnyoa amelala. Mara nyingine namaliza, namwacha hapohapo kwenye kigoda, naenda kusali, nikirudi bado yupo.” Akaweka wembe shingoni kwangu. “Waliokuwa wakishikwa ni ninyi wana wa nahodha. Tulia.”